Kushona ngozi kwa cherehani ya kawaida: mwongozo kamili, kuanzia kuifufua mashine mpaka kufunga uzi

Wakuu habari. Hili swali la "cherehani yangu ya kawaida inaweza kushona ngozi?" linaulizwa sana na majibu huwa ni mawili tu, mmoja anakwambia haiwezi kabisa katafute mashine ya kiwandani, mwingine anakwambia shona tu haina shida. Wote wawili wanakupoteza. Ile cherehani nyeusi ya chuma, Singer ya bibi au Butterfly ya kukanyaga, inashona ngozi laini vizuri sana ukiipa sindano inayofaa, uzi unaofaa na unene inaouweza, na ikigoma basi mara nyingi shida iko kwenye sindano au uzi, taimingi (yaani ule wakati sindano na chuma kinachokamata uzi chini vinapokutana) iko sawa kabisa. Naomba hili mlishike kwa sababu cherehani nzima nyingi zinaharibiwa na watu wanaokimbilia kulegeza skrubu za ndani wakati hata sindano hawajabadilisha.

Mashine ninayoongelea hapa ni Singer class 15 na ndugu zake wote. Butterfly nyeusi za Kichina na cherehani nyingi za zamani za Kijapani zilinakiliwa humo, ndio maana sindano, bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) na kesi ya bobini ukienda dukani unapata kirahisi na vinaingiliana. Utaitambua kwa bobini, inaingia na kesi yake kutokea ubavu wa kushoto chini ya kichwa cha mashine. Kama yako ni zile nyepesi za umeme zenye gia za plastiki ndani, huu mwongozo soma kwa faida ya sindano na uzi tu ila usiilazimishe ngozi, gia ikikatika jino ndio basi tena.

Kwanza pima unene

Kabla ya chochote jua mashine yako mwisho wake wapi. Kwa ngozi laini mimi naweka kikomo cha kama milimita 2 mpaka 3 kwa jumla ya tabaka zote zinazopita chini ya futi (kile kiguu kinachokandamiza kazi), na kwa ngozi ngumu ya mkanda hata hizo 2 ni nyingi. Sasa watu wanakosea hesabu. Ngozi ya mbuzi ya milimita 1 unaiona nyembamba, ukiweka mbili ni 2, ukizikunja ukingo zote mbili ni 4, na pale kwenye kona ambapo mikunjo inakutana inaenda 6 au zaidi, hapo ndipo sindano inapovunjika na mtu analalamika mashine mbovu. Dawa yake ni kuparua ukingo kwa kisu kikali sana upande wa nyuma wa ngozi, yaani upande wa nyama, ukiupunguza taratibu kwa kulaza kisu mpaka ubaki kama nusu ya unene, ndipo ukunje. Kazi ya kuparua inachosha na inatofautisha pochi nzuri na pochi iliyovimba.

Kuhusu ngozi yenyewe, ikate uangalie ukingo. Iliyotengenezwa kwa kromu huwa laini na katikati yake mara nyingi ina rangi ya kijivu au kibluu, hii ndio rafiki wa cherehani ya kawaida. Iliyotengenezwa kwa magome ya miti kama miwati huwa ya kahawia ndani, ngumu zaidi, ukiidondoshea maji inabadilika rangi haraka, hii inafaa mikanda na ala za visu na nyingi utaishona kwa mkono. Kwa mazoezi nenda mitumbani ununue jaketi la ngozi lililochakaa, likate mikono na mgongo, unapata ngozi nyingi nyembamba ya kuharibu bila uchungu. Walio Nairobi wanaijua Kariokor, pale mafundi wa viatu na mikoba wamejaa na ukiongea nao vizuri vipande vya masalio unapata.

Kuifufua cherehani iliyolala

Kama mashine imekaa stoo miaka, usiikanyage kwanza. Toa mkanda, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako. Ikiwa ngumu au haiendi kabisa usiipige nyundo wala usining'inie kwenye gurudumu, mara nyingi hakuna kilichovunjika, ni oili ya zamani imeganda ikawa gundi. Weka tone la mafuta ya taa kila tundu la oili juu ya kichwa, kisha ilaze kichwa nyuma uone chini, kila sehemu chuma kinapogusana na chuma na kusogea tia tone. Fungua na kibati cha ubavuni kushoto, mle ndani kuna fimbo inayobeba sindano na ule mkono unaopandisha uzi, napo tia. Iache kwa muda mrefu, hata usiku mzima, fanya hivi sehemu yenye hewa na mbali na jiko au mtu anayevuta sigara. Ikiendelea kugoma pasha sehemu iliyoganda kwa drayeri ya nywele (subiri mafuta ya taa yakauke kwanza jamani), halafu jaribu kuzungusha kidogo mbele kidogo nyuma, itaanza kuachia.

Mafuta ya taa yanasafisha tu, hayalainishi kwa muda mrefu, kwahiyo ikishaanza kuzunguka futa uchafu wote ndio uweke oili ya cherehani ile nyeupe isiyo na rangi. Mafuta ya kupikia marufuku, yataganda tena. Oili ya injini nayo nzito na itachafua ngozi. Na kama ni Singer yenye maua ya dhahabu usiipanguse kwa spiriti, ile varnishi ya zamani inayeyuka na maua yanaondoka nayo.

Halafu shato, kile chuma chenye ncha kinachozunguka kesi ya bobini. Hapa ndipo uchafu unapojificha. Toa kesi, legeza kiklipu (zingine zina viwili) kinachoshikilia kifuniko, toa kifuniko, toa shato lenyewe. Utakuta vumbi la nguo limegandamana, vipande vya uzi, wakati mwingine hata ncha ya sindano iliyovunjika zamani. Safisha kwa brashi, pangusa, pitisha ukucha kwenye ncha ya shato usikie kama ina mkwaruzo. Ikikwaruza ukucha itakwaruza na uzi, isugue taratibu sana kwa msasa laini ule namba kubwa mpaka iwe nyororo, ila usiipunguze urefu hiyo ncha hata kidogo. Rudisha, tia tone moja la oili kwenye njia yake, shona kitambaa kichakavu mpaka oili iliyozidi iishe.

Mkanda wa miguu ukiteleza utahisi unakanyaga na gurudumu halivuti, hasa sindano ikigusa ngozi. Kata kipande kifupi tu cha mkanda urudishe kibanio chake. Usiukaze kama gitaa, ukikaza sana unakanyaga kwa shida na unamaliza beringi.

Sindano

Hii ndio sehemu ninayotaka mtu aisome mara mbili. Cherehani hizi zinatumia sindano za mfumo 15x1, pakiti zingine zimeandikwa HAx1 au 130/705H, ni zile zile zenye ubavu mmoja bapa. Kwa ngozi nunua zenye ncha ya kukata, pakiti za Schmetz zinaandikwa LL. Ncha ya kawaida inasukuma nyuzi za kitambaa pembeni, kwenye ngozi hakuna nyuzi zilizofumwa za kusukuma kwahiyo inatoboa kwa nguvu na ngozi inaing'ang'ania. Ncha ya kukata inafungua kijitundu safi. Saizi anza na 100/16 kwa ngozi nyembamba ya nguo, 110/18 kwa pochi na mikoba.

Kuiweka: isukume juu mpaka igote mwisho kabisa ndio ukaze skrubu. Ubavu bapa unaelekea upande shato lilipo, kwa hizi class 15 ni kushoto, na mfereji mrefu wa sindano unakuwa kulia, uzi unaingizwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ukigeuza hautashona hata mshono mmoja. Ukiacha nafasi ya milimita moja juu itaruka ruka, na hapo ndipo fundi asiyejali anakwambia taimingi imeondoka.

Sindano iliyopinda huioni kwa macho, ilaze ule ubavu bapa juu ya kioo uangalie kama mwanga unapita sawa chini yake toka mwanzo mpaka mwisho.

Uzi

Pamba usitumie kwenye ngozi, hasa ile ya magome, inaoza. Tumia nailoni au poliesta, na uwe ule uliogandishwa nyuzi zake pamoja, ukiukata hautawanyiki kama ufagio. Unene wa mwisho kwa mashine hii na sindano ya 110/18 ni Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi). Dukani nailoni nyingi imeandikwa kwa denieri (kipimo kingine cha unene), mfano 210D/3, hesabu yake rahisi: 210 mara 3 ni 630, gawanya kwa 9 unapata 70, ndio hiyo hiyo Tex 70. Ile 210D/2 inakuja kama 47, inafaa sindano ndogo zaidi. Angalia usiuziwe uzi wa nyavu wenye maandishi yale yale, ule haujagandishwa, ukifika kwenye tundu la sindano unafumuka na kukatika. Kama kazi yako itakaa juani, tuseme kava ya kiti cha bodaboda, chagua poliesta maana nailoni jua linaidhoofisha mapema.

Kupaka uzi nta ya mshumaa ni kwa kushona mkono tu. Kwenye mashine nta inajaza visahani vya tensheni (vile vinavyobana uzi wa juu).

Kuweka tensheni

Uzi ule ule juu na chini, kwahiyo na bobini iwe na huo huo. Anza chini. Weka bobini kwenye kesi, shika mwisho wa uzi uache kesi ining'inie hewani. Isidondoke yenyewe, ila ukitikisa mkono kidogo ishuke sentimita chache isimame. Ikidondoka moja kwa moja kaza ile skrubu ndogo ya springi ya kesi, robo ya mzunguko kila mara, ikigoma kushuka legeza. Ukishaipata usiiguse tena, marekebisho mengine yote fanya juu.

Kupitisha uzi wa juu inua futi, ikiwa chini visahani vimebana na uzi hauingii katikati yake. Sasa shona vipande viwili vya masalio ya ngozi ile ile utakayotumia. Fundo la uzi linatakiwa kuzama katikati ya ngozi. Ukiona vinundu vya uzi wa chini vinachungulia juu, legeza juu. Ukiona chini kumejaa vitanzi au uzi umekusanyika kama kiota basi shida iko JUU, watu wanageukia bobini kwa sababu uchafu unaonekana chini lakini kiota cha chini ni uzi wa juu ambao haujabanwa. Rudia kuupitisha kabla hujakaza chochote.

Urefu wa mshono weka mrefu, milimita 3 mpaka 4, kwenye class 15 ni karibu na mwisho wa kile kijiti cha kupanga urefu. Mshono mfupi unatoboa ngozi kama stempu za posta na siku moja inachanika hapo hapo kwenye mstari.

Kushona sasa

Ngozi haisamehe tundu. Pini usitumie kabisa, bana kwa klipu au vibanio vya nguo nje ya mstari, au paka gundi ya viatu nyembamba ukingoni. Gundi iache ikauke vizuri, ikiwa mbichi inapanda kwenye sindano, sindano inanata, uzi unakatika na mashine inaruka. Ikishanata futa sindano, na unaweza kuipitisha kwenye kipande cha sabuni ya mche iliyokauka.

Futi ya chuma inang'ang'ania uso wa ngozi unaong'aa kwahiyo chini inaenda na meno (yale yanayosukuma kazi toka chini ya futi) na juu inabaki, mwisho wa mstari unakuta vipande havilingani. Nunua futi ya teflon au ya vigurudumu, ni bei rahisi na zinaingia. Kama huna weka ukanda wa karatasi nyembamba juu ya ngozi ushone juu yake kisha uichane. Chini napo meno yanaacha alama, karatasi hiyo hiyo inasaidia.

Anza kwa mkono: shika nyuzi zote mbili nyuma ya futi, zungusha gurudumu mishono mitatu minne, ndio ukanyage. Taratibu. Uzuri wa miguu ni huo, unaweza kwenda mshono mmoja mmoja na sindano inakuwa na nguvu, wakati vile vimota vidogo vya nyumbani ukienda polepole vinakosa nguvu na ukikanyaga vinakimbia.

Kwenye kona wengi wanaruka mshono na hawajui kwanini. Usigeuze kazi sindano ikiwa ndio inashuka au iko chini kabisa. Zungusha kwa mkono ifike chini, kisha ianze kupanda kidogo mpaka shato liwe limeshakamata uzi, hapo ndio inua futi, geuza, shusha, endelea.

Ukifika penye kilima, kwa mfano kutoka tabaka mbili kwenda nne, futi inainama na mishono inakuwa mifupi mifupi. Weka kipande cha ngozi chenye unene ule ule nyuma ya futi ili ikae sawa wakati inapanda, na kushuka fanya hivyo mbele.

Mwisho wa mstari usirudi nyuma kwa fujo kama kwenye kitambaa, unakata ngozi. Vuta uzi wa juu utokee nyuma, funga fundo mbili, tone la gundi, na kama ni nailoni acha milimita 2 uichome kwa kiberiti cha gesi ikunjane. Ukilazimika kurudi, rudi mishono miwili kwa gurudumu la mkono ukilenga tundu zile zile. Kisha gonga mstari wa mshono kwa nyundo yenye uso laini, juu ya kipande cha ngozi, mishono inakaa chini.

Inaruka mishono: fuata huu mpangilio

Elewa kwanza kinachotokea. Fungua kibati cha kuteleza pale kushoto, washa tochi ya simu, zungusha gurudumu polepole ukiangalia. Sindano inashuka mpaka mwisho, ikianza kupanda kama milimita 2 uzi unabanwa na ngozi kwahiyo upande wa shato unavimba kitanzi kidogo, na sekunde hiyo hiyo ncha ya shato inapita ndani ya kile kitanzi. Mshono ni hicho tu. Sasa kama ngozi imeng'ang'ania sindano na inapanda nayo juu, kitanzi hakivimbi, ncha inapita patupu. Hii ndio sababu kubwa ya kuruka kwenye ngozi na haihusiani na taimingi kabisa!

Kwahiyo: badilisha sindano, mpya, ya ngozi, imegota juu. Kisha kaza skrubu ya juu inayoongeza mgandamizo wa futi mpaka ngozi isiinuke na sindano. Kisha panda saizi moja ya sindano. Angalia tundu la kibati chini ya futi, likiwa pana sana (kuna vibati vya zigizaga) ngozi inazama na kuinuka. Jaribu kwenye kitambaa cha kawaida: ikishona kitambaa bila kuruka, mashine ni nzima, rudi kwenye ngozi na sindano.

Ikiruka hata kwenye kitambaa na sindano mpya, na uzi umepita vizuri, hapo ndio fungua kibati cha ubavuni. Kwenye fimbo ya sindano ya mashine nyingi za aina hii kuna mistari miwili. Sindano ikiwa chini kabisa mstari wa juu unatakiwa kuwa sawa na ukingo wa chini wa bomba linaloshikilia fimbo. Zungusha kuelekea kwako mpaka mstari wa chini ufike pale pale, sasa ncha ya shato inatakiwa kuwa katikati ya sindano, kama milimita moja na nusu juu ya tundu lake. Kama fimbo yako haina mistari tumia hicho kipimo cha mwisho. Ikiwa chini au juu zaidi, chora alama ya penseli ilipo sasa, legeza skrubu inayobana fimbo, sogeza kidogo sana bila kuigeuza ili ubavu bapa ubaki kushoto, kaza, jaribu kwa mkono. Na ikiwa ncha inapita mbali na sindano angalia kama shato limelika, jipya linauzwa kwenye maduka ya spea na linatatua mengi.

Uzi ukikatika badala ya kuruka: sindano ndogo kwa uzi, mkwaruzo kwenye tundu la kibati, gundi mbichi, au tensheni ya juu imekazwa kupita kiasi. Angalia kwa mpangilio huo.

Ukishazidi uwezo wa mashine

Kuna mashine ya fundi viatu, Singer 29K, hiyo K ni ya kiwanda cha Clydebank kule Scotland. Futi yake ndiyo inayovuta kazi na inageuka pande zote, unaweza kushona kiraka ndani ya kiatu bila kugeuza kiatu. Kwa ukarabati hakuna mfano wake, ila meno ya futi yanaacha alama kwenye uso wa ngozi kwahiyo mkoba wa kuuza utaona kasoro. Zile ndogo za Kichina za mkono zinafuata wazo hilo hilo, zinakuja na vyuma vyenye makali ya kiwandani, zifungue usugue kwa msasa laini kila uzi unapopita na uzitie oili ndio uanze.

Kwa mikoba na viti wanaotaka kufanya biashara watafute mashine ambayo futi, sindano na meno vinatembea pamoja, kama Juki LU-1508 au Consew 206RB. Sindano zake ni nyingine kabisa, 135x16 yenye ncha ya ngozi na 135x17 ya kitambaa, zile zako za 15x1 hazitafanya kazi humo. Ukikuta imefungwa mota ya zamani ya klachi inayokimbia, badilisha uweke ya servo ambayo unaipangia spidi ya chini, na unapoenda kuikagua beba ngozi yako na uzi wako, ujaribu hapo hapo kabla hujatoa hela.